Alichotaka Mama Kabula

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo; babu yako amemaliza kuvuna karanga. Wewe unayesomea unesi umeuliza mgonjwa aulizwe nini kwanza.

Shajara yangu ya miaka ya sabini, nikiwa nesi Ushirombo, inamtaja Mama Kabula, ambaye kizazi chake kilishuka. Daktari alitaka kumpasua, apumzike msimu mzima. Nikamuuliza Mama Kabula mwenyewe anataka nini.

"Kulima mstarini na wenzangu, ngoma ikilia. Sasa wananiachia kupika kama kikongwe."

Niliyaandika maneno yake kwenye cheti. Daktari alisoma, akaahirisha upasuaji, akamwekea pete ya kushikilia kizazi.

Mvua ziliponyesha nilimkuta shambani akilima, amewatangulia wote mstarini.

"Nesi, chukua jembe. Au umekuja kutazama?"

Nilichukua. Sikumfikia, na sijawahi kushindwa kwa fahari kama siku ile.

Bibi yako