Shelisheli la Mama Verna

Jumapili. Durban imenuna tangu asubuhi, manyunyu hayakolei wala hayakatiki, na mimi nimenuna nayo.

Leo nimeharibu.

Mama Verna, bosi wangu, ametoka Grenada, kisiwa cha huko Karibiani. Alianza kwa kuuza pilipili ya chupa pale soko la Warwick, beseni kichwani kama wengine. Sasa ana kiwanda cha pilipili kule Mobeni, na watoto wa wabeba mizigo wa Warwick anawalipia ada. Kisiwani kwao amejenga zahanati ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Kila mwaka anasema atakwenda, kila mwaka kiwanda kinamshika. Ila tangu dada yake augue, anazungumzia kurudi moja kwa moja, nami roho iko juu. Nani mwingine huku ataniita mwanangu?

Kitu anachokililia ni kimoja: tunda la shelisheli. Huniuliza kama Pemba kwetu yapo, namwambia yapo tele. Basi mfanyabiashara mmoja wa Dar akaniletea moja, kalificha katikati ya vitenge. Nikajiambia, akilila hili hamu itamwisha, atabaki.

Nikamwalika kwangu Sydenham. Nikalimenya, nikalikata, nikalipika kwa tui zito na hiliki, kama anavyopika mama yangu. Nyumba ikanukia Pemba. Nikajikuta nacheka peke yangu jikoni.

Mama Verna alipofika alivuta pumzi mlangoni, akaja kutazama sufuria. Kiswahili chake amekiokota kwa kina mama wa Kikongo pale kiwandani.

"Maganda iko wapi?"

Ndipo akanieleza. Kwao shelisheli halimenywi. Linawekwa zima juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, na harufu ya ganda hilo likiungua ndiyo aliyokuwa akiitamani miaka yote hii. Nilitaka ardhi inimeze.

Alikula lakini. Alikula taratibu, akaongeza, akalisifia tui. Kisha akafuta mikono, akanishika bega.

"Ya kwenu nimekula, mwanangu. Ya kwetu nitaifuata mwenyewe."

Kesho anakata tiketi. Ya kwenda tu.

Alipoondoka niliyatoa maganda kwenye ndoo ya taka, nikawasha jiko la mkaa kibarazani, nikayaweka juu. Moshi ukawa mwingi hadi jirani akafunga dirisha. Kisha ikaja harufu, kama mkate uliookwa kwa kuni. Nilikaa pale mpaka yakawa majivu, namlilia Mama Verna ambaye bado hajaondoka, namlilia na mama yangu anayepika bila mimi.

Yeye sufuria moja iliyokosewa imetosha kumrudisha kwao. Mimi nangoja nini?