Mazoezi Mbele ya Mashine ya Kufulia

Binti yangu,

Nguo zimo kwenye mashine, zianike. Mpashie baba yako chakula. Akiuliza chumvi, iko pale pale ilipo miaka yote.

Asubuhi umenicheka kunikuta nacheza mbele ya mashine. Sasa ningefanyaje? Ikianza kukamua inadunda sawasawa na muziki wa yule didjei wako! Eti nikija klabu leo nisijifanye nakujua. Imeniuma, mwanangu.

~~Basi siendi.~~ Naenda! Niko kwa mama yako mdogo, nalala mchana huu nisije nikasinzia shoo ikianza.

Tiketi yako iko juu ya friji. Ila unavyocheza nimeshakuona, kwa hiyo ukifika simama mbali, na usimwambie mtu kwamba mimi ni

Mama yako