Asubuhi Pikapu Yako Ilipokataa Kuwaka

Kwako Baba, uliyelala kule Machakos,

Sikuandikii kukulilia. Waliokulilia walikuwa wengi, na baadhi yao walilia vizuri kuliko mimi. Nakuandikia kuhusu pikapu.

Unaikumbuka, najua. Ile ya kijivu ya dizeli uliyoinunua serikali ilipokupunguza kazini, baada ya miaka ishirini ya kuwaendesha wakubwa. Uliileta nyumbani Donholm ukipiga honi tangu barabara kuu. Mama akatoka na unga mikononi, majirani wakatoka, nawe ukashuka polepole kama mkuu wa wilaya. Dereva mzuri ulikuwa, hilo sikunyimi. Lakini magari yote uliyowahi kuendesha yalikuwa ya petroli, na yalipoharibika kulikuwa na mafundi wa idara wa kuyafungua. Habari za dizeli hukuzijua hata kidogo, na hukutaka mtu ajue kwamba huzijui.

Basi kila asubuhi ikawa ibada. Unazungusha ufunguo, stata inalia, injini kimya. Unashuka, unafungua boneti, unaweka mkono juu ya injini na kumkemea shetani kwa Kikamba, nadhani uliona Kiswahili hakimtoshi. Kisha unatangaza, "Haina moto hii." Ulinunua betri mpya. Ulibadilisha stata. Siku moja ulichovya kitambaa kwenye petroli ukakishikilia pale injini inapovutia hewa, ikalipuka, ukabaki na nyusi upande mmoja. Niliingia chooni nikacheka hadi mbavu zikaniuma.

Uliposhindwa kabisa ulituita tusukume. Wewe usukani, mimi na Mama nyuma, pamoja na jirani yeyote aliyechelewa kujificha. Huko nyuma ndiko nilikojifunza, maana anayesukuma ndiye anayeiona ekzosi. Asubuhi nyingine, hasa zile za baridi ya Julai, ilitema moshi mweupe mzito. Nyingine haikutoa kitu.

Kuna siku ulinituma Jogoo Road nikuletee fundi. Njiani aliniuliza inatoa moshi gani. Nilipomweleza akasimama, akanitazama vizuri.

"Siste, hii ni dizeli, si petroli. Mambo ya plagi kurusha moto sahau. We cheki moshi tu. Ikitoa mweupe, inakunywa lakini haichomi, hapo ni zile hita za kupasha injini zimekufa. Isipotoa kitu, dizeli haifiki."

Tulipofika akakusalimia, "Niaje, mzee!" Hayo tu, na ukamfukuza kabla hajafungua mfuko wake wa spana. Ulisema huwezi kuguziwa gari na mtoto asiyejua shikamoo. Fundi aliondoka na jibu lako mfukoni, Baba, kwa sababu ya salamu.

Kesho yake tulisukuma hadi kona ya kanisa, ekzosi kavu. Nikaja dirishani kwako, nikainama kwa heshima zote, nikasema, "Baba, haina moshi. Dizeli haifiki."

Ulinipiga kofi ukiwa umekaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza Kidato cha Nne, nasubiri kuingia chuo cha uhazili, na mtaa mzima ulikuwa unatazama. "Tangu lini mwanamke akajua injini?" ukauliza. "Rudi nyuma usukume!" Nikarudi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono bado iko kwenye bodi. Hapo ndipo nilipokuchukia, na sikukuchukia kidogo.

Ndipo ukapata ile kazi ya yule tajiri wa duka la jumla, ya kusambaza unga na sukari mitaa ya Umoja, Mowlem na Dandora. Chuo changu, kodi ya nyumba, dawa za presha za Mama, vyote viliegemea kazi hiyo. Ulichelewa mara ya kwanza, akakuonya. Ulichelewa mara ya pili, akakwambia mbele yangu kwamba ya tatu hutamkuta. Hata mimi nilielewa.

Asubuhi ya tatu ulizungusha ufunguo. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikaangalia ekzosi. Kavu. Nilijua. Mama akanigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Mwende, kama kuna kitu unajua, mwambie baba yako." Nikamjibu, "Mimi nijue nini?" Nikakunja mikono. Stata ililia, ikalia tena, ikaanza kukoroma, mwisho ikabaki inasema tik, tik. Uliikemea kwa Kikamba hadi sauti ikakauka. Nami nilikuwa nasikia raha, Baba, nakwambia ukweli. Sijawahi kula chakula kikaniingia kama ile dakika.

Saa tatu tajiri alikuwa ameshapata gari la mtu mwingine.

Mengine unayajua. Tulihamia chumba kimoja Mowlem. Chuo sikukiona. Mama alianza kukaanga mandazi kabla ya adhana ya alfajiri, akawa anasinzia ameketi karibu na mafuta ya moto, na kila nilipomtazama nilijua nani alimketisha pale. Wewe ulikuwa mmoja. Wa pili sikumtaja kwa mtu.

Siku ya kuiuza pikapu ulienda kanisani mapema ili usiione ikiondoka. Mnunuzi alikuja na fundi wake. Nilisimama mlangoni nikatazama kila walichofanya, wakaiwasha na kuondoka nayo. Uliporudi ukauliza, "Wameivuta?" Nikasema ndiyo, wameivuta.

Kisha kiharusi kikakulaza, na kijiko cha uji kikawa mkononi mwangu. Jioni moja ulikataa uji, ukaanza kusema kwa ule mdomo wako uliopinda.

"Mwende. Ile asubuhi nilikuona kwa kioo."

"Kioo gani, Baba?"

"Cha pembeni. Ulikuwa unaangalia ekzosi. Nikajua unajua." Ukapumzika. "Nikasema, heri ilale kuliko nikuulize wewe."

Nikakirudisha kijiko bakulini. Nilidhani sasa utaniomba msamaha. Ningekusamehe, naapa, palepale ningekusamehe. Lakini ulinitazama kwa lile jicho zima ukasema, "Ilikuwa na nini?"

Nikakufuta mdomo, nikakujibu, "Mimi ni mwanamke, Baba. Wanawake hawajui injini."

Uligeukia ukuta. Siku ya tatu ulikufa, bado umeugeukia.

Sikuoni huruma sana, hata leo. Ninayemwonea huruma ni Mama, ambaye tulimponda katikati yetu kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Lakini ulikuwa umeniuliza, mara moja katika maisha yako uliniuliza kitu, na nimechoka kulibeba jibu.

Ilikuwa hewa. Raba ya filta ya dizeli ilikuwa imekatika kidogo, pikapu ikilala usiku hewa inaingia kwenye mpira unaopitisha dizeli. Ilitosha kulegeza skrubu moja ndogo, kubonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta hadi mapovu yaishe, na kukaza tena. Yule fundi wa mnunuzi hakumaliza dakika mbili. Wewe usingehitaji hata kushuka, Baba. Ningeifanya mwenyewe.

Lala, kama unalala.

Binti yako,
Mwende