Wimbo Aliompa Bwana Aivars

Jumatatu, 4 Agosti
Daftari langu, salamu na heshima. Uniwie radhi kwa siku tisa za ukimya; vidole vilikataa kwa baridi. Leo uji, dawa ya shinikizo la damu, mashati mawili kupigwa pasi. Kisha barua. Bahasha nene kutoka kwa Bwana Aivars, mtunzi wa muziki, Mlatvia, mtu wa Latvia kule Ulaya, aliyekuwa akiketi na marehemu mke wangu Nakunde kila Alhamisi kwenye chakula cha wazee pale Granville, hapa Sydney. Ametunga muziki wa vyombo vinne vya nyuzi. Anasema msingi wake ni wimbo aliofundishwa na Nakunde. Anaomba idhini ya familia aandike jina la Nakunde ukurasa wa kwanza. Utapigwa mwisho wa mwezi katika ukumbi wa Walatvia.

Wimbo gani? Niliongoza kwaya miaka thelathini na minane. Nakunde aliimba sauti ya pili, safu ya mbele. Hakuna wimbo wake nisioujua.

Jumanne, 5 Agosti
Noti zake ni za mistari mitano. Sisi misheni tulifundishwa do-re-mi kwa herufi. Nimezihamisha moja moja kwa penseli hadi saa saba mchana, kisha nikaimba. Ni wimbo wa Kipare wa kubembelezea mtoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimkuta Nakunde akiuimba jikoni. Nilimwambia, kwa upole, kwamba mke wa mwalimu wa kwaya haimbi nyimbo za kienyeji. Alinyamaza. Nikadhani ameusahau.

Hakuusahau. Alimwekea Mlatvia.

Namwonea wivu. Ni aibu kuandika hivyo katika umri wangu, lakini ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda Granville kwa treni. Bwana Aivars ni mzee mrefu, mikono yatetemeka, supu imemwagika kwenye tai. Alinieleza kwa Kiingereza chake kizito: mama yake alikimbia naye vita akiwa mdogo, akamwimbia melini njia nzima. Hapa Sydney alifanya kazi karakana ya reli, na kila alichotunga kimetoka katika nyimbo za yule mama. Siku moja alimwimbia Nakunde mmojawapo. Nakunde akamjibu kwamba na yeye anao wake.

Nilimuuliza kwa adabu iwapo hakupata kuonyeshwa nyimbo nilizoitungia kwaya.

"Nimeonyeshwa. Mkeo aliniletea kitabu kizima. Nyimbo zako zimenyooka sana, Mwalimu. Kama suruali yako."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimshukuru kwa muda wake.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeandika barua ya kukataa. Aya tatu, zenye staha. "Familia inasikitika." Binti yangu Eliwaza, ninayeishi naye, sikumuuliza. Familia ni mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Eliwaza aliikuta barua mezani. Hakupaza sauti.

"Baba, wimbo huu sisi watoto tunaujua wote. Mama alitulaza nao kila Jumatano ukiwa mazoezini. Ukigusa geti tu, ananyamaza."

"Mkanificha?"

"Tulikuheshimu, Baba."

Siku zote hizi nimemkasirikia Mlatvia kwa kupewa nilichokikataa mwenyewe. Na sasa nawaonea wivu hata wanangu.

Nilimwomba aniimbie. Aliimba akiosha vyombo, amenipa mgongo. Beti tatu. Kwenye karatasi za Bwana Aivars ziko mbili. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Jumanne, 12 Agosti
Mvua tangu alfajiri. Barua ya kwanza nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi. Nimeomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Nimetoa idhini. Nimeomba abadilishe jambo moja: alikuwa ameliandika jina la Nakunde likifuatwa na langu. Aliondoe langu, aweke la baba yake Nakunde. Wimbo aliujua kabla hajanijua mimi.

Ubeti wa tatu sikuutaja. Huo nimebaki nao.

Eliwaza ataipeleka kesho asubuhi, akienda zamu yake hospitali.