Feni Mbili za Bruda

Jumatatu, 3 Juni 1974
Misa. Uji. Karakana saa mbili. Nimezisafisha feni mbili kwa petroli na kuzianika juu ya gunia. Bruda amekaa kwenye kiti chake akinitazama kwa jicho moja lililobaki, nalo linaona ukungu tu. Ijumaa hii lori la misheni linampeleka Manyoni kupanda treni, akamalizie uzee kwao Ulaya. Miaka ishirini na mbili amekaa hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tupa.

Anataka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka. Jeti yake iruke. Ni ndege ya mfano, urefu kama mkono wangu mmoja na nusu, ameichonga kwa mbao nyepesi miaka mitatu. Haina pangaboi puani. Feni imefichwa tumboni, ndani ya bomba, inavuta hewa mdomoni na kuitema nyuma. Inaongozwa kwa kisanduku cha redio. Sasa mikono ya Bruda inatetemeka, hawezi kukaza hata skrubu. Kuchagua ni juu yangu. Feni ipi, injini ipi.

Nyekundu ina mapanga matano mapana na inakwenda na injini ya zamani. Ya kijivu ina mapanga kumi na moja membamba, na inataka injini mpya, ile inayolia kama nguruwe anayechinjwa.

Katibu wa kijiji amepita. Jumamosi anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na jeti itaruka mbele yake kama kazi ya kijiji chetu cha Ujamaa. Hajagusa hata kipande cha msasa huyu. Amekohoa, akatema kohozi sakafuni kwangu. Nimemwaga chai yangu nje.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima mizani ya duka la ushirika, ile ya kupimia mbegu za nyonyo. Nikafunga jeti kamba mkiani, kamba kwenye mizani, nikawasha. Nyekundu imevuta kilo moja na robo. Ya kijivu haikufika kilo. Kelele nyingi, nguvu kiduchu. Bruda amesema hewa ya huku kwetu juu ni nyepesi, na mapanga membamba yanataka mbio ambazo injini ile haizifikii. Weka nyekundu, Petro. Alisema hivyo mara mbili.

Katibu akasikia mlio wa ile mpya toka ofisini kwake, akaja mbio. "Hiyo hiyo, Fundi! Mgeni aisikie toka Issuna!" Halafu akaongeza kwamba jina langu litatajwa mbele ya mgeni.

Nikajibu ndiyo, Ndugu Katibu. Mtu mzima mimi, niliyeiweka nyumba yangu wakfu kwa Moyo Mtakatifu. Ndiyo, Ndugu Katibu. Mbele ya Bruda. Najichukia kuandika hivi.

Jumatano, 5 Juni
Siku chafu.

Injini hizi zinakunywa spiriti ya zahanati iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na akiba ya Bruda iliisha jana kwenye mizani. Sista wa zahanati alinipa chupa yake ya mwisho, hana nyingine mpaka mwezi ujao. Mafuta nilichukua kwa Mama Nyamwezi jirani yetu. Akina mama hapa wanayatoa kwa kuchemsha nyonyo kwenye maji, kila mtu anajua. Kila mtu anajua pia kwamba maji hubaki humo, lazima uyakaange upya mpaka yaache kulia. Mke wangu hawezi kupaka mtoto mafuta bila kufanya hivyo. Mimi, fundi, nimeyamimina hivyo hivyo kwa haraka ya kumfurahisha Katibu.

Kutwa nzima nimehangaika na ile ya kijivu. Inakohoa, inazima, inatapika povu jeusi. Namwaga, najaza, nawasha. Nilipokuja kugundua, nikayakaanga, ilikuwa jioni na chupa iko chini kabisa. Imebaki ya kuruka mara moja. Moja tu.

Harufu imeingia kwenye kucha. Kwenye ugali. Mke wangu kasema, "Baba Tereza, leo ukalale na ndege yako huko huko."

Bruda hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Juni
Katibu kaja saa tatu na chupa kwenye mkoba wa ofisi. Gongo. Mwezi uliopita ni yeye aliyepiga teke mitungi ya yule mjane wa nyumba za chini, akaimwaga mbele ya watoto wake na kumwita adui wa maendeleo. Leo anayo mkobani, katikati ya mafaili. "Spiriti ni spiriti, Fundi. Injini haiendi kanisani." Akacheka peke yake.

Nilinusa mara moja nikatoka nje kutapika. Nusu ya kitu kile ni maji. Nikamwambia haitawaka. Akasema basi mafuta mazuri yakae hadi Jumamosi, na mzee wangu atapelekewa picha kwa posta.

Picha. Kwa mtu anayepapasa kijiko mezani.

Alipoondoka nikafungua tumbo la jeti. Nikatoa ya kijivu, nikafunga nyekundu na injini yake ya zamani. Sikumuuliza mtu. Saa kumi nikampakia Bruda nyuma ya baiskeli, jeti ameikumbatia, nikakokota mpaka uwanja wa mpira.

Iliruka. Imekimbia kwenye majani makavu, nikadhani itaishia kwenye miiba, ikanyanyuka. Hailii kama ile nyingine. Inavuma tu. Nikamwekea kisanduku mikononi, nami nikamshika viganja. Mikono ikatetemeka, na ndege kule juu nayo ikatetemeka vile vile.

"Iko wapi, Petro?"

"Juu ya mikuyu, Bruda. Inakuja kwetu."

"Naisikia. Usinishike sana."

Nikamwachia kidogo. Mizunguko saba. Mafuta yakaisha, ikashuka kimya na kulala kwa tumbo. Haikuvunjika kitu. Bruda akasema maneno kwa lugha yao. Sikuuliza maana yake.

Ijumaa, 7 Juni
Ameondoka na lori alfajiri. Amenibariki kwa kidole gumba kwenye paji la uso.

Nimekwenda mwenyewe ofisini kumwambia Katibu kwamba mafuta yameisha na yalivyoisha. Amenitazama kama mtu aliyekanyaga mavi.

Jumamosi, 8 Juni
Mgeni kaja. Ngoma, hotuba, jeti juu ya meza yenye kitambaa. Katibu kamwambia ni matunda ya kujitegemea, na sasa itaruka. Kaniamuru niwashe. Nimekataa. Kajaza gongo mwenyewe, kamwita mgambo avute kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya nne jeti imetema povu lote kwenye suruali ya mgeni. Uwanja mzima ukanuka kilabu cha pombe.

Mgeni akauliza, ya nani hii?

"Ya huyu hapa," akasema Katibu. Kidole usoni kwangu.

Sijapata kumwonea binadamu kinyaa namna hii. Namwomba Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Adhabu yangu nimesomewa palepale. Kuchimba choo cha shule, peke yangu, futi kumi na mbili, na funguo za karakana nikabidhi.

Jumapili, 9 Juni
Sikukuu ya Utatu. Nimepokea komunyo. Nilimwombea Katibu, kwa shida, maneno yalitoka moja moja.

Mchana nimenoa jembe na sururu. Udongo wa kule shuleni nimeupima kwa mkuki wa chuma, ni mgumu toka juu. Upepo mwingi leo. Watoto wamelala mapema.

Mke wangu ameniuliza kama ningefanya tena vile vile. Nimemwambia aniongeze mlenda. Ameniongeza.