Madoa ya Njano Chini ya Kamba ya Nguo

Baba Watoto na wanangu,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. ~~Mbwa abaki amefungwa mpaka nirudi.~~ Hilo nimelikata, mtaona kwa nini.

Yale madoa ya njano kwenye nyasi za uani, mwagieni ndoo moja kila doa kabla jua halijawa kali. Msing'oe kitu. Nimezivuta nyasi, mizizi bado imeshika, hazijafa. Tifueni udongo kidogo kwa uma, na mtu asikanyage hapo wiki mbili.

Sasa kisa chenyewe. Asubuhi nimetoka kuanua nguo, nikalitua beseni langu chini. Likakaa juu ya doa sawasawa, kama mfuniko na sufuria yake. Nikalihamishia doa la pili. La tatu. Yote sita! Kumbe kila Jumamosi naloweka nguo pale kutwa, na kila wiki nalisogeza beseni kufuata kivuli. Nyasi zitaonaje mwanga?

Baba Watoto, najua nilipomsingizia mbwa ulisema, "Mbwa gani anakojoa duara?" Nami nikakununia siku tatu. Haya, cheka, ila umalize kabla sijarudi.

Kuanzia leo beseni linakaa barazani, kwenye sakafu.

Mfungueni mbwa. Mpeni nyama yangu ya jana, iko kwenye friji. Ningemfungua mwenyewe, lakini alivyoniona akatikisa mkia, nikashindwa kumtazama usoni.

Mama