Rudisha Kile Kitabu, Naim

Naim, mbona hushiki simu? Basi soma. Safari hii si porojo zangu za samaki aliyemeza boti.

Marlys karudi kutoka kazini kwake maktaba, uso umempauka. Pai ya tufaha hakuigusa. Marlys!

Jirani aliyekuwa maktaba kaniambia wanaume wawili wa serikali, wenye suti, walimjia Marlys pale. Nikamuuliza mke wangu walitaka nini.

"Orville, nikifungua mdomo nafungwa."

"Hata kwangu mumeo?"

"Hata kwako."

Afungwe! Mke wangu, anayelia akimtoza mtoto faini!

Kisha, bila kuniangalia: "Mwambie Naim arudishe kitabu chake."

"Si kaazima jana?"

"Kimechelewa."

"Jana, Marlys!"

"Nimesema kimechelewa, mzee. Akirudishe asubuhi, mlango ukifunguliwa tu."

Kimechelewa! Na unajua mashine yao: kitabu kikirudi, jina la msomaji linafutika papo hapo. Hakijarudi, jina lako bado limo, na wale wa suti wataliona.

Miaka yote tuliyounda magari pamoja kiwandani sijawahi kukuuliza unasoma nini. Ni kitabu gani hicho, ndugu yangu?

Hapana. Usinijibu humu.

Futa yote haya. Navaa viatu, nakuja.